Kuinua Toyota IST nyumbani: nina jeki ya chupa na tofali, stendi ni lazima?

Mlala_Uvunguni

Habari wakuu. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ ya lita 1.5, otomatiki, inavuta kwa matairi ya mbele. Nataka kazi ndogo nizifanye mwenyewe nyumbani: oili na filta, brek pedi za mbele, na baadaye bushi (mipira ya viungo) za loa amu, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika tairi. Vifaa vilivyopo ni jeki ya mkasi iliyokuja na gari, jeki ya chupa ya tani 2 na spana ya tairi namba 21. Uwanja nusu una pevingi, nusu ni mchanga ulioshindiliwa, na wote unateremka kidogo kuelekea getini.

Maswali yangu ni matatu. Je, naweza kuinua kwa jeki ya chupa halafu nikaweka tofali za saruji za inchi 6 chini ya bodi nikaingia uvunguni? Handbreki pamoja na P (gia ya kuegesha) vinatosha kuzuia gari lisitembee? Na sehemu gani hasa ya IST inabeba uzito bila kubonyea?

---

SpanaKumi

Tofali hapana, hata moja, hata uweke ubao juu yake. Tofali la saruji hubeba vizuri likiwa ukutani, mzigo umeenea juu ya uso wake wote. Chini ya gari unaliwekea mshono wa bati wenye unene wa milimita chache, kwa hiyo uzito wote unasimama kwenye mstari mmoja mwembamba. Tena saruji haipindi wala hailii kabla ya kuvunjika. Inapasuka ghafla. Ukichanganya na tofali za mtaani ambazo hujui mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali ngapi, hapo hakuna cha kukokotoa.

Jeki nayo, iwe ya chupa, ya mkasi au ile ya magurudumu, kazi yake ni kupandisha na kushusha tu. Ya chupa inashikilia gari kwa oili iliyozuiwa na sili za mpira na kigololi kidogo cha valvu. Chembe ya mchanga ikikaa chini ya kigololi, jeki inashuka polepole. Sili ikikatika, inashuka mara moja. Ya mkasi haina oili, lakini kitako chake ni chembamba na gari likisogea sentimita chache mbele au nyuma inalala. Hiyo ni ya kubadilishia tairi njiani, basi.

Kwa hiyo ndiyo, stendi, yaani nguzo fupi ya chuma yenye miguu inayoshikilia gari baada ya jeki kulipandisha, ni lazima, na nunua jozi. Kuna aina mbili: za meno, ambazo ulimi unajifunga kwenye meno ya nguzo, na za pini, ambazo unapitisha chuma kwenye tundu. Za pini hazina mengi ya kuharibika. Za meno ni rahisi kurekebisha kimo, lakini kila ukiiweka hakikisha ulimi umeingia jino zima: ukishaweka kimo, sukuma nguzo kwa mkono kwenda chini, kisha gonga kishikio kidogo kielekee chini.

Soma maandishi kwenye stendi vizuri. Baadhi zimeandikwa tani 2 au 3 kwa jozi, si kwa kila moja. Kwa IST yenye uzito wa tani moja na ushee hata hivyo inatosha, maana kona moja ya mbele ni kilo 300 na kitu. Uzito si tatizo lako kubwa. Tatizo ni kupinduka, kwa hiyo unapochagua angalia upana wa miguu na uchomeleaji kuliko namba ya tani. Ukiona welding imejaa matundu au mguu mmoja haugusi sakafu ya duka, irudishe.

---

Difu_Loki

Swali la handbreki na P ndilo watu wengi hulipita, nami nadhani ndilo la kwanza. Magari mengi hayaanguki kwa sababu stendi imevunjika. Yanaanguka kwa sababu gari limebingirika kidogo na kuisukuma jeki au stendi ikalala.

Kwenye IST handbreki inakamata matairi ya nyuma tu. P inafunga giaboksi, na giaboksi inashika matairi ya mbele kupitia difu, zile gia zinazoruhusu matairi mawili yazunguke kwa mwendo tofauti. Sasa fikiria umeinua tairi moja la mbele. Difu inaruhusu tairi lililo hewani lizunguke kinyume wakati lile lililo chini linabingirika. Maana yake ukishainua tairi moja tu la mbele, P haishiki chochote. Kinachozuia gari ni handbreki ya nyuma peke yake, pamoja na kabari.

Ukiinua nyuma upande mmoja, handbreki imebaki na tairi moja la kushika chini, ila P sasa inafanya kazi kwa sababu matairi yote mawili ya mbele yapo ardhini. Ukiinua nyuma yote, handbreki haina maana tena, imebaki P na kabari za mbele.

Magari yanayosukumwa na matairi ya nyuma, mfano Hiace, hali ni mbaya zaidi: handbreki na gia vyote viko nyuma. Inua nyuma yote, na gari halijashikwa na kitu isipokuwa kabari ulizoweka mbele. Wenye Land Rover Defender za zamani wajue handbreki yao haiko kwenye matairi, inakamata shafti inayotoka kwenye transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenda nyuma. Tairi moja la nyuma likiwa hewani, difu inaliachia na gari linaweza kuondoka huku handbreki umeivuta hadi mwisho. Huko funga difu loki ya kati, inayofanya shafti za mbele na nyuma zizunguke pamoja, na weka kabari, hakuna mjadala.

Kabari iwe ya mbao ngumu iliyokatwa pembetatu, kimo kisichopungua sentimita 10, upana sawa na tairi. Jiwe la mviringo siyo kabari, linabingirika pamoja na tairi. Weka mbele na nyuma ya kila tairi linalobaki chini, zigongwe hadi ziguse mpira. Na kwa kuwa uwanja wako unateremka, tafuta kwanza kipande kilicho sawa. Laza chupa ya maji iliyojaa chini. Ikianza kwenda yenyewe, hapo si mahali pa kuinulia gari.

---

Mlala_Uvunguni

Nashukuru sana. Hiyo ya P sikuijua. Stendi nitanunua. Ila hapa ndipo ninapokwama: sehemu ya kuinulia ni ile yenye mikato miwili kwenye mshono wa chini ya mlango. Jeki ikikaa pale, stendi naiweka wapi? Na jeki ya chupa ikiwa imeshuka kabisa naona haiingii vizuri chini ya gari.

---

SpanaKumi

Swali zuri. Mikato miwili kwenye mshono, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma, inaonyesha kipande kilichoongezewa bati kwa ndani. Katikati ya mikato hiyo ndipo penye nguvu. Ukitoka nje ya hapo mshono unajikunja na sakafu inafuata.

Stendi ndiyo inayostahili mahali pale, kwa kuwa ndiyo itakayobeba gari muda wote. Jeki itafutiwe kwingine. Mbele ya IST tazama pale loa amu inaposhikwa kwa bolti nene upande wa nyuma: chuma cha pale ni kinene na kipana. Usiweke jeki kwenye loa amu yenyewe, kwenye sampu ya oili, giaboksi, bomba la ekzosi, wala ile bati nyembamba ya mbele inayoshika redieta.

Jeki za chupa za tani 2 nyingi zikiwa chini zina kama sentimita 18, ndiyo maana haiingii. Basi tumia jeki zako zote mbili kwa kupokezana:

1. Gari liwe sehemu iliyo sawa, P, handbreki, kabari kwenye matairi ya nyuma yote mawili, mbele na nyuma. Hakuna mtu ndani ya gari, milango imefungwa.
2. Legeza nati za tairi robo hadi nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Kama kuna nati nyingine yoyote inayohitaji kuvutwa kwa nguvu, ilegeze sasa. Ile nati kubwa namba 30 ya drivu shafti (shafti inayozungusha tairi) hukazwa zaidi ya Nm 200 (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukiipigania gari likiwa juu utalitingisha hadi litoke.
3. Jeki ya mkasi ikae kwenye mikato, mfereji wa kichwa chake ukumbatie mshono. Pandisha hadi jeki ya chupa iingie chini ya bolti ya loa amu.
4. Pandisha kwa jeki ya chupa hadi ya mkasi ilegee. Itoe ukiwa nje, mkono tu ndio uingie, tena kwa ubavu. Kichwa na kifua vibaki nje.
5. Weka stendi kwenye mikato, na juu yake kipande cha mpira chenye mfereji ili mshono uingie ndani. Mpira wa tairi la zamani uliokatwa unafaa.
6. Shusha jeki ya chupa taratibu hadi stendi ibebe. Kisha ipandishe tena hadi iguse tu, ibaki hapo kama mlinzi.
7. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ukingo wa mlango, rimu ikiwa juu. Kama unaingia uvunguni bila kutoa tairi, tumia la spea.

Kisha lisukume gari. Shika juu ya fenda, sukuma na kuvuta kwa nguvu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Likilia au stendi ikicheza, ni afadhali lianguke sasa, ukiwa umesimama pembeni.

Ukitaka kuinua upande wa pili pia, usipandishe upande mmoja hadi mwisho. Unapoinua upande mmoja, gari linazunguka juu ya matairi ya upande wa pili, kwa hiyo pointi ya kuinulia haiendi juu tu, inasogea pia kiubavu. Jeki ya chupa yenye kitako kidogo inainama nayo. Weka stendi kimo cha chini upande wa kwanza, nenda upande wa pili, halafu rudi uongeze. Kila hatua kagua miguu yote minne ya kila stendi, kwa sababu upande wa kwanza hukaa upya pale wa pili unapopanda.

---

Gereji_ya_Mwembeni

Mnamtisha kijana bure. Mafundi miaka yote wanaweka gogo na tofali, na magari yanatengenezwa.

---

Difu_Loki

Mkuu, gogo na tofali si kitu kimoja. Gogo la mti mgumu lililokatwa sawa pande zote mbili, pana kuliko lilivyo refu, linabeba. Mbao ikielemewa inalia na kubonyea kabla haijaachia, na ndiyo maana mbao zilizopangwa kwa kupishana ni kinga nzuri ya ziada. Tofali halikupi dakika hiyo. Tena gereji nyingi unazozisema zina shimo, fundi anasimama chini na matairi yote manne yapo ardhini. Usilinganishe na mtu aliyelala chali nyumbani peke yake.

---

Chumvi_Bahari

Naongezea kwa wenzangu wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar. Kabla hujaiamini ile mikato, kagua kutu. Hewa ya chumvi inakula mshono kutoka ndani, rangi ya nje inabaki nzuri. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma: bati zima linatoa sauti kali, lililooza linatoa sauti iliyozibwa, na ukikandamiza ncha inaingia. Gari lililokarabatiwa kwa fila (uji mgumu wa kuzibia bati) huwa na sauti iliyokufa hivyo hivyo. Pakiwa pameoza, usitumie hapo kabisa, hamia kwenye krosmemba mbele, kile chuma kinene kinachokatiza chini ya gari, na upeleke gari likachomelewe.

Kuhusu mchanga: kuushindilia hakutoshi. Miguu ya stendi ni bati jembamba, inachimba. Weka chini ya kila stendi kipande cha mbao ngumu au plaiwudi nene, milimita 18 mbili zikiunganishwa, ukubwa wa sentimita 40 kwa 40. Pevingi ni bora kuliko mchanga, ila zimelazwa juu ya mchanga pia. Ile moja iliyo chini ya mguu wa stendi inaweza kuzama peke yake. Ubao huohuo uweke hapo, ukae juu ya pevingi kadhaa kwa pamoja. Lami nayo jua la saa saba likiipiga inalainika, stendi inazama kidogo kidogo bila wewe kuona.

Jeki ya magurudumu usiiweke kwenye mchanga wala kokoto. Mkono wake ukipanda unachora upinde, kwa hiyo jeki lazima itembee kidogo ili kichwa kibaki chini ya pointi. Magurudumu yakizama haitembei, na kichwa ndicho kinachoteleza. Ndiyo maana haitakiwi kuzuiwa magurudumu, kinyume na wanavyofanya wengi.

---

Nje_Ndani

Wanaoletewa vifaa na ndugu kutoka Marekani au wanaonunua mtumba wa kontena: mwaka 2020 Harbor Freight, maduka ya vifaa ya Marekani, ilizirudisha stendi zake za chapa ya Pittsburgh za tani 3 na tani 6 kwa sababu ulimi ungeweza kutoshika meno vizuri na stendi ikashuka ghafla. Mwaka huohuo baadhi ya zile za tani 3 zilizotolewa badala yake nazo zikarudishwa, safari hii kwa kasoro ya welding. Ukikuta za jina hilo zisizo na karatasi wala historia, achana nazo hata zikiwa bei ya kutupa. Na stendi yoyote ya meno ya mtumba, chunguza meno: yakiwa yamelika na kuwa mviringo, hiyo ni chuma chakavu.

---

Mlala_Uvunguni

Kwa oili pekee, hakuna njia fupi zaidi? Kupandisha pande zote mbili kwa nusu saa ya kazi naona ni mlolongo mrefu.

---

SpanaKumi

Ipo. Tengenezesha au nunua jozi ya vipandio vya chuma, vile vya mteremko unavyovipandia kwa matairi ya mbele. Kimo cha sentimita 18 hadi 20 kinatosha kuingia na kufika kwenye nati ya oili. Ukienda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie awe na kizuizi mbele ili tairi lisipitilize, kingo pembeni, na bati lenye vinundu lisiloteleza. Mteremko uwe mrefu, maana bampa ya IST iko chini na itagonga kabla tairi halijaanza kupanda. Awepo mtu wa kukuelekeza, asimame pembeni, kamwe asisimame mbele. Ukishapanda: P, handbreki, kabari nyuma ya matairi ya nyuma. Kwenye sakafu ya marumaru au ya saruji iliyosuguliwa vipandio vinateleza mbele tairi linapovigusa. Weka zulia la mpira chini yake.

Faida yake ni kwamba gari bado limesimama kwa matairi yake. Hasara, huwezi kutoa tairi, kwa hiyo kwa brek pedi na bushi bado unarudi kwenye stendi.

Oili yenyewe: injini iwe ya vuguvugu, isiwe imetoka barabarani sasa hivi, kwa kuwa umelala chini ya nati na mkono wako ndio utakaopokea ya kwanza. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadili na filta. Mimina kama lita 3.4, washa kidogo ukiwa umeshatoka uvunguni, kagua kama filta inavuja, shusha gari hadi sehemu iliyo sawa, subiri dakika 5, ndipo usome diptiki (kijiti cha kupimia oili) na uongeze. Ukisoma gari likiwa limeinama itakudanganya.

---

Difu_Loki

Kwa bushi za loa amu kuna jambo moja la ziada. Bolti zake usizikaze moja kwa moja mguu wa gari (tairi na vyuma vinavyolishika) ukiwa unaning'inia hewani. Bushi ni mpira ulioshikana na chuma. Ukikaza tairi likiwa limening'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote na utachanika mapema. Weka jeki chini ya loa amu karibu na boli jointi (kiungo cha mviringo upande wa tairi), pandisha hadi mguu ufike karibu na kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze. Jeki hapo inabeba mguu tu, gari lipo kwenye stendi. Ukiona mshono unaanza kuachana na stendi, umepandisha kupita kiasi, shusha mara moja.

Na ukitoa kitu kizito, mfano giaboksi, uwiano wa gari unabadilika. Lililokuwa limetulia kwenye stendi mbili za mbele linaweza kuwa jepesi mbele. Hiyo si kazi ya stendi mbili.

---

Chumvi_Bahari

Kushusha kuna makosa yake pia, kwa hiyo usikimbilie. Toa kwanza vifaa vyote uvunguni, rudisha tairi, kaza nati kwa mkono zote zikae kwenye viti vyake. Pandisha kwa jeki kiasi tu cha stendi kulegea, ivute nje kwa mkono, toa na tairi la spea kama uliliweka chini ya ukingo. Valvu ya jeki ya chupa ifungue robo mzunguko, si zaidi. Ukiizungusha sana gari linadondoka kwa kishindo na ukiifungua hadi mwisho oili inaweza kumwagika. Tairi likigusa chini, kaza nati kwa mtindo wa nyota hadi Nm 103, kisha uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Kabari zitoke mwisho kabisa.

Jeki yako ikianza kushuka yenyewe au kupanda kwa kurukaruka, mara nyingi ina hewa au oili imepungua. Ishushe hadi mwisho, fungua valvu, piga pampu mara kama kumi, toa kizibo cha mpira ubavuni na ujaze oili ya haidroliki hadi usawa wa tundu. Mafuta ya breki usithubutu, yanaharibu sili. Ikiendelea kushuka baada ya hapo, sili zimekwisha.

---

Mlala_Uvunguni

Nimeelewa. Nitaanza na oili kwa vipandio, stendi za pini na mbao za chini kabla ya brek pedi. Kabari nampa seremala akate leo.

---

Difu_Loki

Sawa mkuu. Mwambie akate nne, si mbili. Na siku ya kazi awepo mtu nyumbani anayejua jeki iliko na namna ya kuipandisha, simu ikiwa na namba ya zimamoto, 114 kwa Tanzania. Watoto na mbuzi wafungiwe upande wa pili wa uwanja.